Taa za pikipiki ya kizamani: kutoka kabaidi hadi dinamo ya volti 6

Pikipiki ya kwanza ya kizamani niliyowahi kuletewa kwenye kibanda changu hapa Nakuru ilikuja nyuma ya pikapu, imefunikwa turubai la kuanikia mahindi. Ilikuwa BSA M20, silinda moja, cc 500 hivi, aina ambayo ilitengenezwa zaidi ya 120,000 kwa ajili ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwenyewe, mzee wa Njoro, aliirithi kwa babake na alitaka kwenda nayo kanisani hata jioni.

"Kijana wangu," akaniambia, "injini najua utaiwasha. Taa ndizo zimewashinda wenzako. Fundi wa mwisho alisema nitupe hii dinamo, nifunge mtambo wa boda boda."

Injini iliwaka siku ya pili. Taa zilinila wiki tatu, na mwishowe adui akawa rangi. Nitafika hapo. Ninachotaka ushike kwanza ni kwamba dinamo ya mzee ilikuwa nzima kabisa. Isingekuwa mita ya shilingi mia chache, ingekuwa tayari imeuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Jua pikipiki yako ni ya kizazi gani

Usiguse waya hata mmoja kabla ya kujua umeme wa pikipiki yako unatoka wapi. Angalia tu kwa macho.

Ukiona kopo la shaba lenye matangi mawili, moja juu ya jingine, na mpira unaotoka hapo kwenda kwenye taa, hiyo inawaka kwa gesi ya kabaidi, yale mawe yanayotoa gesi yakilowa maji. Haina umeme wowote isipokuwa cheche ya injini. Pikipiki nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1920 ziko hivyo, ingawa Wamarekani walitangulia: Indian walileta pikipiki yenye taa na stata ya umeme mwaka 1914, na mwaka uliofuata Harley-Davidson wakauza ya taa za umeme. Ile ya Indian ilikuwa na betri ambazo hazikuweza kazi, ikaachwa upesi.

Ukiona mtungi mdogo wa chuma umelala juu ya magneto na kufungwa kwa ukanda, hiyo ni Magdyno ya Lucas: magneto chini kwa ajili ya cheche, dinamo juu kwa ajili ya taa. Ndiyo utakayokutana nayo zaidi kwenye pikipiki za Uingereza zilizobaki mashambani huku kwetu.

Ukiona injini ndogo ya Villiers na flaiwili ya shaba nje, umeme wa taa unatoka ndani ya flaiwili hiyo hiyo. Na kama hakuna dinamo, hakuna magneto, ila waya zinatoka ndani ya kifuniko cha injini kwenda kwenye sahani za mraba zilizopangwa kama mkate uliokatwa, hiyo ni altaneta, inayotoa umeme wa kugeukageuka, na sahani zile ni rektifaya, inayoufanya uende upande mmoja. Triumph waliiweka kwenye Speed Twin mwaka 1953.

Kama ni ya kabaidi

Watu huniuliza kama taa ya gesi ni pambo tu. Hapana. Ikisafishwa vizuri inatoa mwanga mweupe mzuri, na kabaidi yenyewe si ngeni kwetu. Mafundi wa kuchomelea kwa gesi, ukienda Kibuye kule Kisumu au kwa jua kali yoyote ya Nakuru, wengi wanaijua hata kwa harufu. Ile harufu kama ya kitunguu saumu ni uchafu ulio ndani ya kabaidi. Gesi ikiwa safi kabisa karibu haina harufu.

Kazi yake ni hivi. Maji yanadondoka kutoka tangi la juu, tone kwa tone, yakiongozwa na sindano. Yakigusa kabaidi iliyo chini, inatoka gesi ya asetilini, na kinachobaki ni chokaa nyeupe. Kilo moja ya kabaidi inatoa takriban lita 300 za gesi. Kwa hiyo gramu 100, na kichomeo kinachokula lita 15 kwa saa, zinakupa saa mbili za mwanga. Zinatosha kutoka Nakuru hadi Njoro na kurudi, hata ukisimama kuamkia watu.

Anza kwa kufungua tangi la chini. Utakuta chokaa iliyoganda kama simenti tangu enzi za babu. Igonge taratibu kwa kijiti, loweka kwa maji, usichimbe kwa bisibisi kwa sababu bati lake ni laini. Fungua sindano ya juu, ipitishe maji, hakikisha unaweza kuhesabu matone. Ikimwaga mchirizi hata ukiwa umeifunga, kiti chake kimelika, na taa hiyo usiiwashe bado. Maji mengi kwa mpigo yanaleta gesi nyingi na joto jingi.

Mpira badilisha, bila huruma, hata kama unaonekana mzima. Kichomeo ni kijidude cha jiwe jeupe chenye vitundu viwili vinavyotazamana. Ndimi mbili za moto zikikutana zinajitandaza kama jani. Kizibue kwa uzi mmoja mwembamba wa waya wa breki. Usitumie sindano ya kushonea: itapanua tundu, na moto utatoa moshi mpaka kioo kiwe cheusi.

Sasa yale ya hatari, na hapa sitanii. Usitengeneze bomba la gesi hii kwa shaba nyekundu tupu. Asetilini ikikaa na shaba nyekundu inaweza kuzaa kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Shaba ya njano iliyotoka kiwandani na taa ni sawa. Jaribu nje, uwanjani, si ndani ya stoo. Usifunge kabaidi iliyolowa kwenye mkebe wenye mfuniko. Na ukimaliza safari kumbuka kwamba kufunga maji hakuzimi taa papo hapo: kabaidi iliyokwisha kulowa itaendelea kutoa gesi kwa dakika kadhaa, kwa hiyo iache iungue yenyewe mpaka ife. Mabaki yamalizie kwenye ndoo ya maji mengi, mbali na moto na mbali na mifugo.

Magneto: usiisumbue kama inafanya kazi

Magneto yenye umeme wa nguvu ilitoka kwenye karakana ya Robert Bosch mwaka 1902, kazi ya mhandisi wake Gottlob Honold, na utaratibu wake haukubadilika sana kwa miaka hamsini. Haihitaji betri. Ndiyo maana pikipiki yenye Magdyno inaweza kukufikisha nyumbani hata kama kila waya wa taa umeungua.

Safisha pointi, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, pima nafasi kati yake kwa fila, bati jembamba la kupimia: milimita 0.3. Plagi iwe milimita 0.5. Ikiwaka vizuri asubuhi na kugoma injini ikipata moto, shuku kondensa iliyo ndani ya amecha, ile sehemu ya ndani inayozunguka, au zile koili zake zenyewe. Mafundi wa zamani walizipaka vanishi inayolainika kwa joto, na pikipiki iliyokaa Kisumu kwenye banda la mabati huonyesha ugonjwa huu mapema kuliko ya Molo. Hiyo ni kazi ya fundi wa kufunga mota. Mpelekee, ila mwambie mapema kwamba kwenye magneto za kale amecha haichomolewi hivi hivi: kipande cha chuma laini kitangulizwe juu ya sumaku, la sivyo sumaku inapoteza nguvu na cheche inakuwa hafifu.

Dinamo: pima kwanza

Hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa, basi twende polepole. Dinamo ya Lucas ya aina hii ina terminali mbili, D na F. D ndiyo inayotoa umeme. F inalisha koili ya fildi, yaani ile inayotengeneza sumaku ndani. Bodi yenyewe ni eathi, yaani njia ya umeme kurudi.

Hatua ya kwanza, ukiwa umezima injini: chomoa waya zote mbili za D na F. Weka alama. Nimewaona watu wazima wakibishana saa nzima ni upi ulikuwa wapi.

Hatua ya pili: unganisha D na F kwa kipande kifupi cha waya. Weka mita kati ya hapo na bodi ya dinamo. Mita ya mshale ni bora kuliko ya tarakimu, kwa sababu tarakimu zinarukaruka. Ukikosa, tumia balbu ya volti 6 kando yake.

Hatua ya tatu: washa injini, iache itembee polepole, kisha ongeza petroli kidogo kidogo. Mshale unapaswa kupanda haraka na bila kutetemeka. Usiuache ufike volti 10, na usiipigishe injini kelele. Kasi kidogo juu ya ile ya kusimama inatosha.

Sasa soma jibu. Ikipanda vizuri, dinamo ni nzima na kosa liko mbele yake. Ikikaa kwenye nusu volti au volti moja tu, sumaku ya asili ipo lakini fildi haifanyi kazi: pima koili ya fildi, kati ya F na bodi, unatarajia karibu ohm 3. Ikisoma sifuri kabisa, fungua utazame kaboni, vile vipande vyeusi vinavyosugua pete ya shaba inayozunguka. Ikipanda nusu tu ya inavyotakiwa na kutetemeka, amecha ina koili iliyokatika au kuungua.

Kwa kaboni, ondoa kifuniko cha mwisho. Kila kaboni iteleze kwenye nyumba yake bila kukwama na springi iisukume. Komyuteta, ile pete ya shaba iliyogawanyika vipande vipande, ifute kwa kitambaa chenye petroli. Ikiwa nyeusi bado, tumia msasa laini wa kioo. Ule mweusi wa kusugulia chuma unaacha punje zinazopitisha umeme. Maika iliyo kati ya vipande lazima iwe chini ya shaba, karibu milimita 0.8. Ikiwa sawa na shaba, ichimbe kwa kipande cha msumeno wa chuma ulichokinoa kikawa chembamba. Hii ni kazi ya jioni nzima na redio ikiwa karibu.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hata mwenye pikipiki anaelewa. Toa dinamo: legeza bolti ya ukanda na nati iliyo upande wa gia, ivute nje. Ukiwa na D na F zimeunganishwa, ziguse kwa upande mmoja wa betri ya volti 6, na bodi kwa upande wa pili. Dinamo nzima itazunguka polepole kama mota, kwa upande ule ule inaozungushwa na injini. Mzee wa Njoro alipoiona yake inazunguka mezani alicheka, akasema, "Na wangeniuzia nyingine."

Ukiwa umeitoa, tazama ile gia kubwa ya faiba. Katikati yake kuna klachi inayoteleza, ili dinamo ikikwama isivunje magneto. Usiikaze mpaka ishikane kabisa.

Reguleta, katauti na upande wa eathi

Dinamo za mwanzo zilikuwa na kaboni ya tatu, na mwendeshaji mwenyewe alichagua kwa swichi achaji kidogo au sana. Ukisahau, unapika betri. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 ikaenea reguleta ya kisanduku inayofanya kazi hiyo yenyewe. Ndani yake kuna viungo viwili vya sumaku: reguleta, inayozuia volti zisizidi, na katauti, inayokata njia dinamo ikiwa imelala ili betri isirudishe umeme nyuma.

Terminali nne zinasomeka F, A, D, E. F na D zinatoka kwenye dinamo, A inaenda kwenye ameta (saa inayoonyesha kama betri inachajiwa au inapoteza) na betri, E ni eathi. Safisha pointi zake kwa kipande cha karatasi ngumu na usiguse skrubu za kurekebisha kama hujui unachofanya. Ukizima injini na ameta ikaanguka mpaka mwisho upande wa kupoteza, katauti imeshikana: chomoa waya wa betri sekunde hiyo hiyo, kabla dinamo haijaungua.

Reguleta ya zamani ikikushinda, siku hizi zipo za elektroniki ndogo zinazofichwa ndani ya kisanduku kile kile. Wapo wanaosema ni kuharibu uasili. Mimi sioni dhambi, mradi kisanduku cha nje kibaki na mzee afike nyumbani usiku.

Halafu upande wa eathi. Vijana waliozoea boda boda wanafunga hasi kwenye fremu bila kufikiri. Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 zilitoka kiwandani na chanya ndiyo iliyo kwenye fremu. Ukigeuza betri bila kugeuza dinamo, pointi za katauti zinaungua. Amua upande mmoja. Kisha, D na F zikiwa zimechomolewa, chukua waya kutoka upande wa betri usio wa eathi, gusa F kwa sekunde moja tu, upate kacheche. Sumaku ya ndani imeshakubali upande huo. Ameta ikisoma kinyume, badilishana waya zake mbili. Lakini kama ni altaneta yenye rektifaya, usijaribu kugeuza kwa kubahatisha: rektifaya haisamehi.

Waya, na habari ya rangi

Volti 6 haina nguvu za kupoteza. Kwenye volti 12 ukipoteza volti moja njiani hutaona tofauti kubwa. Kwenye 6, balbu ikipata 5 tu, mwanga unashuka mpaka karibu nusu, na macho yako yatasema dinamo imekufa.

Kwa M20 ile nilibadilisha betri, balbu, swichi, nikafungua reguleta mara mbili. Taa bado zilikuwa za rangi ya chai. Wiki ya tatu, kwa hasira, nikaweka mita kati ya kikombe cha taa na terminali ya eathi ya betri, taa ikiwa imewaka. Ilisoma volti 1.4. Hapo palitakiwa sifuri. Mtu fulani aliyekuwa ameipiga fremu rangi nzuri sana, matabaka matatu, alikuwa amepaka pia pale betri inaposhika eathi na pale taa inapokaa kwenye uma. Nilikwangua sehemu mbili za ukubwa wa sarafu ya shilingi, nikakaza. Taa ikawaka mpaka paka akatoka uvunguni.

Kwa hiyo fanya hivi: vuta waya mmoja wa eathi kutoka betri hadi kwenye injini, na mwingine kutoka injini hadi ndani ya kikombe cha taa. Usitegemee fremu wala beringi za usukani. Waya mkuu wa dinamo, betri na swichi uwe wa milimita mraba 2. Wa taa ya nyuma 1 inatosha. Kila mwisho wa waya uchomelewe kwa solda; kusokota na kufunga kwa nailoni ni kujitafutia kazi ya mwaka ujao. Ukitaka sura ya kale, ingiza waya mpya ndani ya ganda la pamba. Ongeza fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, hata kama kiwandani haikuwepo.

Kisha pima upotevu kila kiungo taa ikiwa imewaka: betri hadi swichi, swichi hadi balbu, balbu hadi eathi. Jumla ikizidi nusu volti, kuna mahali hujasafisha.

Betri, balbu na hesabu kidogo

Betri za volti 6 zilizozibwa zinapatikana kwenye maduka ya taa za kuchaji na mizani, nyingi za ampea-saa 4.5. Mbili zinazofanana, chanya na chanya, hasi na hasi, zinaingia ndani ya ganda tupu la betri ya zamani. Ikiwa imejaa na imepumzika isome 6.3 au 6.4; injini ikichaji, karibu 7.

Dinamo ndogo inatoa wati 40 hivi, kubwa 60. Balbu ya mbele ya wati 24 na ya nyuma ya 3 ni wati 27, yaani ampea 4.5. Kuna nafasi ya kuchaji. Ukiweka ya wati 35 ukaongeza taa ya breki, dinamo ndogo imefika ukingoni. Balbu za LED za volti 6 zinasaidia sana nyuma, ila uliza kabla ya kununua kama zinakubali chanya kwenye eathi.

Mwenye Villiers isiyo na betri ana sheria moja tu: wati za balbu ziwe zile zile za kiwandani. Ya mbele ikiungua, umeme wote unakimbilia ya nyuma, nayo inafuata. Beba balbu mbili mfukoni.

Safari ya kwanza

Toka jioni, si usiku. Washa taa injini ikiwa polepole: ameta itakuwa upande wa kupoteza, hiyo ni kawaida. Ukifika kasi ya gia ya juu kwenye barabara tambarare, mshale urudi sifuri au upite kidogo upande wa kuchaji hata taa zikiwa zimewaka. Ukibaki upande wa kupoteza kwa kilomita tano, geuza urudi. Betri hiyo haitakufikisha mbali. Na ukifika, kabla ya kuvua kofia, weka kiganja juu ya dinamo. Joto la kikombe cha chai kilichopoa kidogo ni sawa. Ikikuunguza, inachaji kupita kiasi au beringi zake zimeisha, na kesho asubuhi unaanza tena pale kwenye D na F.